Maswali ya wasomaji: Safari ya Rondo

Kipupwe kimeingia, na barua nyingi za wiki hii zinauliza kuhusu msitu wa Rondo, mkoani Lindi.

Nakaa Newala, nimezoea kusimama Shimo la Mungu na kulitazama bonde la Ruvuma. Rondo nako kuna kilele cha kupanda?

Hakuna, kaka. Rondo ni uwanda wa juu kama huo mnaoishi, sehemu zake za juu zikikaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Ukimaliza mlima kutoka upande wa Mtama, safari iliyobaki ni ya kuzama ndani. Nawasihi wageni wasihesabu kilometa. Ingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tembea hatua mia, kisha simama. Ukisikia majani makavu yakichakurwa kama na kuku uani, tulia hivyo hivyo: huenda ni sange, anafukua wadudu kwa pua yake ndefu inayochezacheza. Akikushtukia atapigapiga mkia chini, kisha hutamwona tena.

Lazima kibali?

Lazima. Rondo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Pita ofisini kwao kwanza, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, ondoka na risiti. Usimpe mtu fedha taslimu njiani. Omba na mwenyeji wa kukuongoza. Njia za ndani zinafanana mno.

Mimi ni mwalimu Mtwara mjini. Wanafunzi wataona nini ambacho hawajakiona?

Mwalimu, kama mnaweza kulala huko na askari wa msitu akakubali kuwasindikiza, watafuteni komba wa Rondo usiku. Komba huyu anaishi Tanzania pekee, katika vipande vichache vya misitu ya ukanda wa pwani. Ana gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku, na mkia kama brashi ya kusafishia chupa. Watoto wanajua "mlevi kama komba". Waambie huyu chakula chake kikubwa ni wadudu. Fungeni kitambaa chekundu mbele ya tochi, maana mwanga mkali unamtesa macho. Wachukue watoto kumi kwa zamu. Arobaini kwa pamoja watasikia sauti zao tu.

Mchana wasikilize ndege aitwaye zuwakulu wa kijani. Nususpishi yake ya hapa imepatikana Rondo na katika msitu mmoja wa Afrika Kusini, basi.

Marehemu baba alipasua mbao Rondo enzi za mkoloni. Ile mivule bado ipo?

Shikamoo mzee. Mikubwa ilivunwa sana miaka ya 1940 na 1950, na jeraha lile linaonekana hadi leo: pengo hapa, miti myembamba kule, mashamba ya miti ya kupandwa pembeni. Lakini mvule haujaisha. Popo hula matunda yake na kudondosha mbegu mbali, ndiyo maana unakuta mche mahali ambapo hakuna mti mama. Mwombe mwenyeji akuonyeshe mmoja. Baba yako angeutambua kwa utomvu wake mweupe.

Gari dogo litafika?

Juni hadi Oktoba, kwa dereva mwangalifu. Masika, panda gari la juu au ahirisha.

Naweza kurudi na kuni au mche wa kupanda nyumbani?

Hapana, dada. Hata ua. Miche nunua kwenye kitalu.