Ukitaka kuingia Discworld, pitia mlango wa Kifo

Watu wananiuliza sana inboksi, "hivi vitabu vya Terry Pratchett unavyovisifia kila siku naanzia wapi?", na jibu langu ni lile lile, anza na Mort, achana na cha kwanza. Najua unajiambia mfululizo lazima uanze namba moja, lakini Discworld, huo mfululizo wake wa fantasia ya vichekesho, ina riwaya 41 na ile ya kwanza ya mwaka 1983 imejaa dhihaka za vitabu vya fantasia vya zamani ambavyo wengi wetu hatukuvisoma, utabaki unageuza kurasa unajiuliza hapa nicheke nini. Mort ni ya nne, ilitoka 1987, na inajitegemea kabisa. Unachotakiwa kujua ni kwamba dunia yao ni duara bapa, imebebwa na tembo wanne, na tembo wamesimama juu ya kobe anayeogelea angani. Basi, ushafuzu.

Mort ni dogo wa kijijini, mrefu, ana mawazo mengi, shambani hana faida. Baba yake anampeleka gulioni ambako mafundi wanachagua vijana wa kuwafunza kazi, wenzake wote wanachukuliwa yeye anabaki kasimama mpaka saa sita usiku, na anayekuja kumchukua ni Kifo. Kifo mwenyewe, mifupa mitupu na joho jeusi, juu ya farasi mweupe, na akishuka tu anateleza kwenye barafu anaanguka chini puu. Hapo ndo nilipojua huyu mwandishi tutaelewana. Na huyo farasi anaitwa Binky, ni farasi wa kweli mwenye nyama na damu, maana Kifo aliwahi kujaribu farasi wa mifupa akachoka kusimama kila saa kufunga viungo na waya.

Kuna kipande kimoja nakitumia kumpima mtu kama kitabu kitamfaa. Mort anapewa kazi yake ya mwanzo, kutoa mavi ya farasi bandani. Anamaliza, Kifo anamuuliza, unadhani kwa nini nilikupeleka bandani, fikiri vizuri. Sasa wewe umeshasoma hadithi za mwalimu na mwanafunzi unasubiri hekima hapo, kujifunza unyenyekevu, utii, sijui nini. Mort naye anazipitia zote hizo kichwani, mwisho anasema kiukweli mi nadhani ni kwa sababu mavi yalishakufika magotini. Kifo anamwangalia weee, halafu anamwambia umepatia. Ukicheka hapo endelea, usipocheka rudisha kitabu tu hatugombani.

Sasa kuna wale wanaoogopa. Shangazi yangu aliona jalada akaniuliza hiki nini, nikamwambia shangazi hiki ni kitabu cha vichekesho, akaniambia "vichekesho vya Israili, mwanangu?" na akakaa mbali na ile meza. Namwelewa, sisi tumekua tunasikia habari za Israili mtoa roho kwa heshima na hofu, na haikai vizuri kumuona mtoa roho anakula kari mgahawani. Ushauri wangu kwa wenye wasiwasi huo ni kwamba huyu wa Pratchett ni ile picha ya Ulaya, fuvu, joho na mundu mrefu wa kuvunia, hajagusa malaika wa mtu. Halafu jamani, sisi tuna watani! Msibani marehemu yuko ndani na mtani anaingia kavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyokuwa anatembea, anazuia jeneza mpaka alipwe, wengine wanashuka kaburini kabisa wanalala humo wakidai chao, na wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Mtu aliyekulia kwenye misiba ya namna hiyo Pratchett hawezi kumshtua, cheko lao ni moja, msiba uko pale pale na hakuna anayejifanya haupo.

Ila usimpelekee mfiwa wiki ya kwanza. Mi nilikisoma miezi kadhaa baada ya msiba mzito nyumbani na kilinifaa sana, ila ningepewa matanga hayajaanuliwa nadhani ningekitupa. Kuna sehemu mfalme anauawa na Mort anasema sio haki, na Kifo anamjibu kwamba haki haipo, yupo yeye tu. Mistari ya hivo inataka mtu aliyeshaanza kula vizuri.

Upande wa kusoma wenyewe, kitabu hakina sura, kinatiririka mwanzo mwisho, so ukisema "nalala nikimaliza sura hii" utakutana na adhana ya alfajiri. Tanbihi za chini usiziruke, nusu ya utani uko huko. Na hizi PDF za kwenye magrupu ziangalieni kwanza, maana Kifo anaongea kwa HERUFI KUBWA bila alama za kunukuu, na nakala nyingine za kunyofoa nyofoa zinapoteza hizo herufi, zinamwaga na tanbihi katikati ya sentensi, unashindwa kujua nani kaongea. Fungua pale Kifo anapotokea mara ya kwanza, ukikuta anaongea kwa herufi za kawaida kama mjumbe wa nyumba kumi, futa hiyo tafuta nyingine. Majina yenye utani wa Kiingereza yasikusumbue, mengine hata mi nayapita.

Kasoro zipo. Mapenzi ya mle ndani yanaiva ghafla mno, watu wanatukanana kurasa nzima halafu eti wanapendana, na mwisho umekimbizwa. Kwangu kitamu zaidi ni pale Kifo anamwachia dogo kazi anaenda kujaribu maisha, anavua samaki, anakunywa, anacheza dansi, hafurahii kitu, mpaka anapata kazi ya upishi kwenye kibanda cha mjini na kulisha paka, hapo roho inatulia.

Ukimaliza nenda Reaper Man ya 1991, Kifo kaachishwa kazi na anavuna shambani kwa bibi mmoja, anafyeka majani unyasi mmoja mmoja. Ile hadithi ya wachawi iliyochanganywa humo inachosha, vumilia. Halafu Soul Music, na Hogfather ya 1996 iweke mwezi Desemba, maana ni ya sikukuu yao inayofanana na Krismasi. Humo utakutana na Susan, mjukuu wa Kifo, sisemi wazazi wake ni nani. Baada ya hapo ndo usome twiti zilizotoka kwenye akaunti ya Pratchett alipofariki Machi 2015, baada ya kuugua Alzheimer's, ugonjwa wa ubongo, kwa miaka, ile ya kwanza iliandikwa kwa zile herufi kubwa. Usizitafute kabla, zitakupita tu kama habari nyingine.

Na nakala yangu siazimishi, msiniulize. Ilishaenda Morogoro ikarudi na mafuta ya maandazi ukurasa wa Binky.