Majirani wanatusalimia, kisha wanafunga mlango

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tumehamia kitongoji kipya na watoto wetu wawili. Watu wanatusalimia vizuri, lakini hakuna anayetukaribisha kwake. Watoto wamezoea haraka, sisi wazazi bado wageni. Mume wangu anataka tufanye sherehe kubwa, tualike mtaa mzima. Waonaje?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sherehe iahirisheni. Wanaojuana watakaa pamoja, nawe utashinda ukikusanya sahani.

Mwaka 1950 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walichapisha utafiti kuhusu makazi ya wanafunzi wenye ndoa katika chuo cha MIT, Marekani. Urafiki ulifuata milango: waliopakana ndio waliozoeana zaidi, na waliokaa karibu na ngazi walipata marafiki hata ghorofa ya juu, kwa kuwa walipishana nao kila mara. Vitongoji vingi vinakosa hizo ngazi. Mtu anatoka getini ndani ya gari, anarudi vilevile.

Kwa hiyo tembeeni. Mpelekeni mtoto kwa miguu, njia ileile, saa ileile. Azima kitu kwa jirani, maana utalazimika kukirudisha, na hapo mtazungumza tena. Wazazi wa rafiki za wanao wajue kwa majina, si “baba fulani” tu. Tena usidhani mnatengwa. Huenda hata wao kwa wao hawaalikani! Mumeo akishindwa kabisa kuvumilia, aalike familia moja, ya mlango wa pili, Jumamosi alasiri.