Uliza Tukujibu: Nataka kukodi kandege na kulala mlimani

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi nafanya kazi hapa Dodoma, naishi Ipagala. Mwezi wa saba mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, tukakaa na rafiki zetu wawili tukasema mambo ya ukumbi watu waje kula pilau waondoke hapana, bora tukodi ndege ndogo ituzungushe tuone nchi kutoka juu halafu itushushe mlimani tupige kambi siku mbili, kisha ije kutuchukua. Kila ninayemwambia ananicheka. Hivi inawezekana au nimeota? Na mlima gani upo karibu na sisi watu wa kanda ya kati?
Msomaji, Ipagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya miaka kumi. Hujaota, ila umechanganya safari mbili ukazifanya moja na hapo ndo watu wanapokucheka. Ndege ndogo haishuki mlimani bana, inashuka kwenye kiwanja hata kama ni cha vumbi, na baada ya hapo mnatafuta gari au mguu kama binadamu wengine. Na kitu kingine ambacho watu hawaambiwi, ndege inakodishwa nzima na kwa saa, hawauzi siti, kwa hiyo ikikushusha ikarudi tupu Dodoma halafu ije tena tupu kukuchukua, hizo saa zote ni zako wewe wa kulipa.

Ngoja nikupe kisa changu. Mwaka juzi tulikodi Cessna 206 sisi watano, ile ina siti sita pamoja na ya rubani, kampuni siitaji. Tumefika uwanjani saa moja asubuhi tuna mahema matatu, sufuria kubwa la ugali, ndoo ya mchele, kiroba cha mkaa na mtungi wa gesi, yaani tumejipanga kama tunahama. Yule rubani, kijana mdogo tu, hakusema kitu, akaburuta mzani akasema, "Shikamoo mzee, panda na begi lako." Tukapanda mmoja mmoja. Shemeji yangu kwenye simu alikuwa ameitumia kampuni kilo zake za siku ya harusi, mzani ukasema mengine, tukacheka wote isipokuwa yeye. Mkaa ukabaki, hema mbili zikabaki, gesi ndo hata hakuitazama mara mbili kwa sababu mtungi wa gesi hauingii kwenye ndege hata uwe mtupu wa kunukia tu. Usiku tukalala watano kwenye hema moja, tumebanana kama dagaa. Nilikasirika kwamba hakuna aliyetuambia mapema, ila kuhusu uzito kijana alikuwa sahihi kabisa.

Na alikuwa na haraka ya kuruka asubuhi ileile, hilo nalo lina sababu yake. Uwanja wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na jua letu la saa nane unalijua mwenyewe. Hewa ikipata moto inatanuka inakuwa nyepesi, bawa linakosa cha kushikia na injini nayo inakosa pumzi, kwa hiyo ndege ileile iliyoruka vizuri saa moja na watu watano, saa nane inakula uwanja mrefu na inapanda kwa kujivuta. Ukiongeza na milima mbele yake unaelewa kwa nini rubani mzuri anakunyima mkaa. Mchana pia hewa inayopanda kutoka chini inairusharusha kama daladala kwenye matuta. Kwa hiyo ukiambiwa uwe uwanjani saa kumi na mbili na nusu, usibishane.

Sasa ushauri wangu: anga iwe na siku yake, kambi iwe na siku yake. Siku ya kwanza kodini ndege iwazungushe tu, iondoke Dodoma irudi Dodoma, mkiwa na kamera na sweta basi. Mwambie rubani mnataka kwenda mlima Hanang, kule Manyara. Kwa mstari wa ndege ni kama kilomita 200 kuelekea kaskazini, 206 inachukua karibu saa moja kwenda. Mabawa ya Cessna hizi yamekaa juu ya kichwa chako, hayakuzibi kuangalia chini. Ukipita Kondoa usilale! Kule ndo kwenye yale makorongo, ardhi ililiwa na maji mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika, wazee wa Kondoa wanaikumbuka ile hamahama. Ukiwa barabarani huoni kitu, ukiwa juu unaona ule wekundu umechanika huku miti imeota kingoni. Halafu mbele Hanang anasimama peke yake kwenye tambarare, volkano ya zaidi ya mita 3,400, upande wa kaskazini kuna ziwa Balangida la chumvi. Rubani hapo anaruka kwa macho, mlima ukijifunika mawingu atageuza na hela yako hairudi, kubalini hilo kabla.

Siku ya pili ndo mnabeba sufuria lenu na gesi yenu. Mnakwenda kwa gari, lami mpaka Babati, pale mnakata kushoto kwenda Katesh, mji ulio chini ya mlima. Mlima ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, mnalipia na kupata mwongozaji palepale Katesh, msipande wenyewe. Maji bebeni kutoka chini, msitegemee kuyakuta njiani. Baridi nayo siyo ya Ipagala, kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka nyuzi 6 hivi, kwa hiyo slipingi begi nzito, siyo shuka la Kimasai peke yake. Na hema lisiwekwe kwenye korongo hata kama limekauka na linapendeza, tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka mlima huohuo yakafunika sehemu ya Katesh, watu wengi wakafa. Mwezi wa saba ni kiangazi mko salama zaidi, lakini mwongozaji akisema hapa hapana, hameni.

SWALI: Mzee, kuna jamaa yangu ana leseni ya urubani, anasema tumchangie tu hela atuzungushe, kampuni za nini. Vipi hapo?
Kijana wa Nkuhungu

JIBU: Muulize leseni ya aina gani. Ya rubani binafsi haimruhusu kubeba abiria kwa malipo, na anayefanya biashara lazima awe na cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Mwambie akuoneshe. Akianza kucheka na kubadilisha mada, panda basi.

SWALI: Shikamoo baba. Tumealikwa safari ya hivyo na mtoto wangu wa miezi minane, na mimi mwenyewe naogopa kutapika. Twende?
Mama, Kikuyu, Dodoma

JIBU: Marahaba mama. Mtoto mpeleke kwanza kliniki wamwangalie, hasa kama ana mafua, maana pua ikiziba masikio yanauma sana wakati wa kushuka, analia mpaka rubani anasikia kwenye hedifoni. Akiwa mzima mnyonyeshe ndege ikipanda na ikishuka, kumeza ndiko kunakofungua masikio. Wewe mwenyewe kula kidogo, chapati na maharage ya asubuhi acha, omba siti ya dirishani ukae unaangalia mbali, usiangalie simu. Mfuko wa kutapikia huwa uko kwenye mfuko wa kiti cha mbele yako. Ufungue uangalie kabla hamjaruka, mimi wangu siku ile nilikuta una maganda ya karanga.