Maswali na Majibu: Mkono wa Brashi kwenye Nyuso za Watoto

Barua zilizoingia safari hii karibu zote ni za wanaochora nyuso za watoto: kwenye sherehe za kuzaliwa, bonanza za shule, viwanja vya michezo siku ya Idi. Wengi wanaomba michoro mipya. Hao nimewaweka kando kidogo, nikachukua wanaouliza kuhusu mkono wenyewe, maana kipepeo wa kawaida mwenye mistari safi humfurahisha mzazi kuliko joka la rangi nane lililobabaishwa.

Shikamoo mwalimu. Yale matone ya mapambo ninayoweka kando ya jicho na juu ya nyusi yanatoka mafupi na manene, hayana mkia. Nakosea wapi? (Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba. Ninavyokusoma, tatizo linaanzia kwenye kopo la rangi. Anayetoa tone fupi kwa kawaida amechovya ncha tu, kwa hiyo brashi ina rangi ya kuanzia na haina ya kumalizia. Lowesha brashi, ifute mara moja ukingoni mwa kikombe, kisha izungushe taratibu juu ya rangi mpaka mapovu yaishe. Yakiwepo bado, maji ni mengi. Rangi iwe nzito kama maziwa mgando na ijaze nywele za brashi hadi karibu na pete ya chuma. Halafu izungushe ncha pembeni mwa kopo ili nywele zikutane na kuchongoka tena.

Sasa tone lenyewe. Chukua brashi ya duara, namba 4 inatosha. Laza nywele kwenye ngozi, kandamiza mpaka zitanuke, kisha anza kuvuta huku ukipunguza uzito wa mkono. Kwenye huko kupunguza ndiko wengi wanakoharibu: wananyanyua ghafla na tone linabaki na kisigino butu. Brashi iendelee kusafiri wakati unainua, hadi kinachogusa ngozi ni unywele mmoja au miwili, na hata ikishaachana na ngozi mkono usisimame, uende nayo hewani kidogo kuelekea ulikokuwa unaenda. Mkia ukigawanyika mara mbili, zungusha mpini kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada wakati wa kuinua. Nywele zitajisokota pamoja.

Mazoezi yake ni ya bei rahisi. Tia karatasi yenye mistari ndani ya kava la plastiki, chora matone juu ya plastiki, futa kwa kitambaa chenye maji, rudia. Anza na saizi moja yakiangalia upande mmoja, ndipo uyapinde kushoto na kulia. Utagundua upande mmoja unakupa taabu zaidi, basi huo ndio wa kukesha nao. Malizia kwenye mkono wako mwenyewe, kwa sababu plastiki haivutiki wala haisinyai, na ngozi inafanya yote mawili.

Habari mwalimu. Mistari yangu mirefu inatetemeka, hasa sharubu za paka na mikunjo ya kando ya jicho. Nimechora kwa penseli tangu shule, kwa hiyo kuchora nakujua. (Nakuru)

Penseli ndiyo imekuzoesha vibaya. Penseli huchezeshwa na vidole, na mstari mrefu wa brashi unatoka kwenye kiwiko na bega. Vidole kazi yake ni kushika tu. Shika brashi wima, ncha peke yake iguse. Kidole cha mwisho kiegemee shavu au kidevu cha mtoto, na kama rangi ya chini bado mbichi weka sponji safi katikati. Macho yako yatazame pale mstari utakapoishia, yasiifuate brashi. Toa pumzi, vuta, usiende polepole mno: mwendo wa woga ndio unaotetemeka. Rangi ya mstari iwe nyepesi kidogo kuliko ya tone. Ukiona mstari unakatikakatika njiani, ongeza maji kidogo.

Mstari ukitoka vibaya, usiurudie juu yake. Ukiurudia unapata mistari miwili mibaya. Weka tone au nukta palipopinda, songa mbele.

Dada, video zote ninazojifunzia wanamalizia mchoro kwa mstari mweusi na unapendeza. Mimi nikifanya hivyo kwa watoto wa huku kwetu hauonekani kabisa. Nifanyeje? (Dodoma)

Swali hili nililisubiri. Sehemu kubwa ya mafunzo ya mtandaoni yamerekodiwa kwenye ngozi nyeupe, na ngozi nyeupe yenyewe inafanya kazi ya karatasi: kila rangi inajitokeza, nyeusi ndiyo inafunga mchoro. Kwenye ngozi nyeusi hesabu inageuka. Nyeupe ndiyo inayofunga.

Kwa hiyo weka mistari ya kumalizia kwa nyeupe, njano nzito, feruzi au dhahabu, na nyeusi uitumie tu pale inapopita juu ya rangi angavu, kwa mfano milia ya chui milia juu ya machungwa. Zambarau na buluu iliyokolea zinazama kwenye ngozi. Ukizitaka, piga kwanza bawa zima la kipepeo kwa nyeupe nyembamba ya sponji, ngoja ikauke, ndipo upitishe zambarau. Rangi ya waridi iliyopauka huonekana kama majivu, chukua waridi kali. Ukishazoea utaona kwamba wewe ndiye mwenye bahati: tone moja jeupe safi kwenye shavu jeusi linang'aa bila msaada, na kwenye ngozi nyeupe tone hilo hilo lingehitaji kuzungushiwa rangi nyingine ndipo lionekane.

Jingine ambalo video hazikuambii. Watoto wetu wanaletwa kwenye sherehe wamepakwa mafuta mpaka uso unang'aa. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta, brashi inateleza na mkia wa tone unajikusanya kuwa vijitone. Mwombe mzazi, kwa upole, akuruhusu umfute mtoto kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha umkaushe. Kufanya hivyo kunaokoa michoro mingi kuliko brashi ya gharama.

Huku pwani joto ni kali. Rangi inakaa ikinatanata, mistari inachuruzika, na wakati mwingine mchoro unapasuka mdomoni. (Mombasa)

Hayo ni matatizo matatu tofauti.

Kunata kunatokana na aina ya rangi. Rangi ngumu za kopo zinazoamshwa kwa maji ziko, kwa jumla, za namna mbili: zenye gliserini nyingi na zenye nta nyingi. Za gliserini ni laini, zinaenea vizuri kwa sponji na kuchanganyika, lakini gliserini huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa unaijua. Kwa hiyo zinachelewa kukauka na zinaamka tena mtoto akitoka jasho. Za nta zinahitaji kusuguliwa zaidi ili zilainike, ila zikishakauka mstari unasimama. Wengi wetu tunaweka msingi kwa gliserini, mwembamba sana, na mistari yote kwa rangi yenye nta, hasa nyeupe na nyeusi.

Kuchuruzika mara nyingi ni haraka. Ukipitisha brashi yenye maji juu ya msingi ambao haujakauka, rangi ya chini inaamka na kuvuta ya juu. Gusa kwa mgongo wa kidole: kisipobeba rangi, endelea. Feni ndogo ya betri mezani inasaidia, nawe pia itakupoza.

Kupasuka ni unene. Mdomo, mistari ya kucheka na katikati ya nyusi hazitulii hata dakika moja, na rangi nene haiwezi kuzifuata. Mimi siku za joto siweki kitu juu ya mdomo wala kwenye ukingo wa nywele. Napandisha mapambo kuanzia shavuni, yazunguke jicho hadi pembeni mwa paji la uso. Huko jasho linachelewa na mchoro unafika kwenye picha ya keki ukiwa mzima.

Shikamoo. Mimi ni mchoraji wa hina, nachora maharusi. Nimeombwa kuchora watoto nyuso na brashi sijaizoea. Ujuzi wangu utanifaa? (Zanzibar)

Marahaba bibie. Utakufaa sana, na nakuonea wivu. Unajua tayari kupanga ua kubwa, kulitolea majani, kuacha nafasi wazi na kufuata mkono ulivyo. Usoni utafuata mfupa wa shavu badala ya vidole. Mikunjo ile ya kuviringika unayoizungusha kwa koni, macho yako yameshaikariri.

Kitakachokusumbua ni unene wa mstari. Kwa koni unaupata kwa kubana na kwa mwendo: ukibana zaidi au ukipunguza mwendo, mstari unanenepa, na ncha ya koni karibu inaelea bila kuikwaruza ngozi. Kwa brashi unene unatoka kwenye kukandamiza. Mwanzoni utakuwa unaishika brashi juu juu kwa mazoea na kila kitu kitatoka chembamba. Jifunze mstari mmoja tu kwanza: anza kwa ncha, kandamiza katikati, inua mwishoni, bila kusimama. Huo ukishatoka, upinde, uwe jani. Majani matatu na mkunjo mmoja tayari ni mchoro wa kulipwa.

Halafu koni huilishi njiani, brashi inaishiwa. Rudi kwenye rangi kabla brashi haijakauka, usingoje ikuaibishe katikati ya mkunjo.

Nina hela ya brashi chache tu. Ninunue zipi? Zile za kucha zinafaa? (Eldoret)

Duara namba 2 kwa mistari, duara namba 4 au 5 kwa matone, na moja bapa ya upana wa takriban sentimita mbili. Basi. Chagua nywele za sintetiki zilizo laini lakini zinazorudi: iloweshe, ikunje kwa kidole, uiachie. Ikinyooka na kuchongoka yenyewe, nunua. Ikibaki imepinda, mwachie muuzaji.

Za kucha zinaweza kutia sharubu na kope, ila nywele zake ni chache mno kubeba rangi ya mstari mrefu. Na usiziache brashi zimesimama ndani ya kikombe cha maji kutwa nzima. Ncha inapinda na gundi iliyoshika nywele inaachia. Osha, chonga ncha kwa vidole, laza.

Akriliki imeandikwa haina sumu. Naweza kuitumia usoni? Na piko je, kwa mistari myeusi? (Mwanza)

Hapana, na hapana.

"Haina sumu" kwenye akriliki au rangi za shule inahusu matumizi ya kawaida kwenye karatasi. Haikutengenezwa kukaa kwenye ngozi ya mtoto, karibu na jicho, kwa muda wa saa nne. Ikikauka inavuta ngozi na kuibandua ni mateso. Tafuta rangi iliyoandikwa wazi kuwa ni ya vipodozi vya uso. Pambo la kumetameta la kazi za mikono nalo liache, chukua la vipodozi.

Piko ndiyo mbaya zaidi. Piko nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya na Marekani zinairuhusu kwenye nywele tu, si kupakwa kwenye ngozi, kwa sababu inaweza kuleta malengelenge na makovu, tena wakati mwingine siku kadhaa baada ya kupaka, na aliyeathirika huweza kubaki na mzio huo maisha yake yote. Uso wa mtoto si mahali pa kujaribu.

Maadamu tuko hapo: mtoto mwenye mapunye, kidonda au jicho jekundu, mchoree mkononi, mbali na palipoathirika. Sponji iliyomgusa mmoja isimguse mwingine.

Nikipakia rangi mbili kwenye brashi bapa ili petali iwe na nyeupe pembeni, zinachanganyika zote kuwa tope. (Arusha)

Unazungusha brashi. Ile ni ya mbele na nyuma tu, kwa mstari ulionyooka, kila rangi ibaki upande wake. Lowesha, kung'uta maji vizuri (tope linatokana na maji kuliko kingine chochote), kisha telezesha juu ya rangi mpaka uone mpaka kati ya nyeupe na nyekundu umelainika bila kupotea. Kwa petali, upande wa nyekundu ukae katikati ya ua bila kuhama, upande mweupe ndio uzunguke nje, ukitikisa mkono kidogo kupata ukingo wenye mawimbi. Kila petali mbili tatu, pakia tena. Rangi ikianza kuchafuka kwenye kopo, ifute juu kwa kitambaa chenye unyevu.

Nukta nyeupe niweke mwanzoni au mwishoni? Zangu zinaonekana kama upele. (Bagamoyo)

Mwishoni, kila kitu kikishakauka. Zinafanana na upele kwa sababu zinalingana na zimetawanyika ovyo. Chovya kitako cha mpini wa brashi mara moja, gonga nukta tatu au nne mfululizo bila kuchovya tena: ya kwanza itakuwa kubwa, zinazofuata zitapungua zenyewe. Zipange zikifuata mkia wa tone au mkunjo ulioko tayari, kubwa ikiwa karibu na mchoro. Ukifika Dar, pita Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga uangalie wanavyopanga nukta juu ya nukta kwenye mwili wa chui. Jifunze mpangilio, rangi zao za mafuta ziache huko huko kwenye ubao. Kwa uso wa mtoto, nukta tisa au kumi zinatosha.