Mashine haisomi gari? Anza na soketi, usikimbilie kontroli boksi

Wenye pikapu za dizeli wengi wameshaambiwa maneno haya gereji: "Mashine haisomi, kontroli boksi imekufa." Mashine ni ile ya kupimia hitilafu, na kontroli boksi ni kompyuta inayoongoza injini. Kabla hujatoa hata shilingi moja, jiulize swali dogo: gari linawaka? Hilux za injini ya 1KD na 2KD ni za komoni reli (dizeli hukaa kwa shinikizo kubwa kwenye bomba moja la pamoja), na nozeli zake hufunguliwa kwa umeme unaoamriwa na kontroli boksi. Ikifa kweli, injini haiungurumi. Kama unaliwasha asubuhi na kwenda nalo shambani, basi kontroli boksi iko hai, na mara nyingi tatizo liko njiani kati yake na mashine ya kupimia.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona watu wakiuziwa boksi za mtumba bure. Tena gari lenye imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayotambua ufunguo, halikubali boksi ya gari jingine hivi hivi, lazima ifanyiwe programu ndipo itambue ufunguo wako. Hilux yangu ilipowasha taa ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki), nilipelekwa njia hiyohiyo. Mashine ilikuwa inawaka, inazima, inawaka tena, na nikapewa bei ya boksi. Nikakataa, nikaenda nyumbani, nikachukua multimeta (kipima umeme) na testa ya taa.

Soketi ya kuchomekea mashine iko chini ya dashibodi upande wa dereva, ina matundu 16 kwa safu mbili. Ukiitazama huku upande mpana ukiwa juu, safu ya juu ni namba 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Mpangilio huu ulilazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, kisha ukaenea, kwa hiyo ninayoyaeleza yanafaa kwa pikapu nyingi, si Toyota peke yake. Namba 16 ni moto wa betri wa moja kwa moja, hata swichi ikiwa imezimwa. Namba 4 ni ethi (njia ya umeme kurudi hasi) ya bodi, namba 5 ni ethi ya mawasiliano. Mazungumzo yenyewe hupita namba 6 na 14 kwenye magari yenye mfumo wa CAN (mtandao wa waya mbili unaounganisha kompyuta za gari), au namba 7 kwa mengi ya zamani kidogo. Washa tochi uangalie ni matundu gani yana vyuma. Kama 6 na 14 ni matupu, usipoteze muda kutafuta CAN hapo.

Na tafadhali, usichomeke ncha nene ya multimeta ndani ya tundu. Vile vyuma vya ndani ni laini. Vikipanuka mara moja havibani tena pini ya mashine, na hapo umejitengenezea ugonjwa mpya. Pima kwa nyuma ya soketi, pale waya unapoingilia, kwa kutumia pini nyembamba.

Mashine isipowaka kabisa, shida ni moto au ethi. Tazama fyuzi kwanza. Mfuniko wa boksi la fyuzi mara nyingi umeandikwa OBD, yaani soketi hii, na kwenye Toyota huwa fyuzi ndogo ya ampea 7.5. Kwenye pikapu kadhaa za Kimarekani soketi hii inagawana fyuzi na kiberiti cha sigara, kwa hiyo chaja mbovu ya simu inaweza kuikata. Ikikatika tena baada ya kubadilishwa, kuna shoti. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, tafuta waya uliochubuka.

Hapa kwenye moto na ethi ndipo wengi hudanganywa na multimeta. Waya uliobaki nyuzi mbili tatu bado unaonyesha volti 12 na ushee, kwa sababu multimeta haivuti umeme wa maana. Mashine ikiwaka inavuta, volti zinaanguka, inazima. Ndiyo maana napenda testa ya taa: unganisha kati ya namba 16 na namba 4. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzima. Ikiwa hafifu, hamishia mguu wa ethi kwenye chuma safi cha bodi. Mwanga ukiongezeka, ethi ya soketi ndiyo mbovu. Testa hiyo usiigusishe kabisa kwenye 6, 7 wala 14, utaumiza vifaa.

Kwangu mwanga uliongezeka. Nikafungua plastiki ya pembeni mwa miguu ya dereva, nikaufuata ule waya wa namba 4, nikakutana na fundo la tepu nyeusi. Ndani yake, aliyefunga kifaa cha GPS alikuwa ameumenya waya wa ethi, akazungushia wake juu bila risasi ya kulehemu, akafunika. Shaba ilikuwa imegeuka kijani, na nyuzi chache tu ndizo zilizoshika. Nilikata sehemu iliyooza, nikaunga kwa risasi, nikavalisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Mashine ikawaka na kutulia, ikasoma hitilafu ya sensa ya gurudumu la nyuma.

Kama mashine inawaka vizuri lakini haiunganishi, hamia kwenye waya za mawasiliano. Kwa gari la CAN, chomoa mguu hasi wa betri, subiri dakika chache, kisha pima ukinzani kati ya 6 na 14. Unatakiwa upate karibu omu 60, kwa sababu kuna vikinza (vipande vya kupunguza umeme) viwili vya omu 120 kwenye ncha mbili za mtandao. Toyota hukubali 54 hadi 69. Ukipata 120, njia imekatika mahali fulani au kikinza kimoja hakipo. Karibu na sifuri, waya mbili zimegusana. Ukipata 40, shuku kifaa kilichoongezwa chenye kikinza chake. Waya hizi mbili zimesokotwa pamoja kwa makusudi ili kuzuia kelele za umeme, kwa hiyo ukiunga, zisokote tena.

Jambo la tahadhari: soketi za rangi ya njano chini ya dashibodi ni za mifuko ya hewa. Usizipime wala kuzichomoa.

Na kama ukifungua swichi taa ya cheki injini haiwaki kabisa na gari haliwaki, hapo kontroli boksi huenda haipati moto. Tazama fyuzi na rilei (swichi ya umeme) inayoipa moto kabla ya kuihukumu.

Kifaa cha GPS si kibaya, mimi bado ninacho. Ila mwambie anayekifunga achukue moto kwenye boksi la fyuzi akiweka fyuzi yake mwenyewe, na ethi kwenye boliti ya bodi iliyokwanguliwa rangi. Simama pale uone kila kiungo kabla hajarudisha plastiki.