Kabla ya Kulaumu Turbo, Kagua Paipu ya Hewa

Nilikuwa napanda kutoka Naivasha, nimeshapita Kinungi, nataka kulipita lori. Nikakanyaga mafuta. Gari likavuta vizuri kama sekunde mbili, kisha nikasikia "pwaa!" chini ya boneti, kama tairi limepasuka, na nguvu zote zikaisha. Taa ya injini ikawaka. Ilibidi nirudi nyuma ya lori lile huku magari ya mbele yakinipigia taa na moyo ukinidunda.

Gari ni BMW 335i la injini ya N54, ile ya lita 3.0, silinda sita na turbo mbili (feni zinazosukumia injini hewa kwa presha), iliyoingia sokoni 2006. Gereji ya kwanza walichomeka mashine ya kupima, wakasoma kodi 30FF, yaani namba ya hitilafu, wakaniambia, "Bosi, turbo zimekufa, tafuta zingine." Hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia injini. Sasa, kodi hiyo haisemi turbo imekufa. Inasema kompyuta ya gari iliomba presha fulani ya hewa na haikuipata. Hewa ikivujia njiani, kodi inayotoka ni hiyo hiyo.

Gereji ya pili, fundi alitoa kifuniko cha juu, akamulika tochi, akaniita nione mwenyewe. Paipu ya plastiki inayotoa hewa kwenye rejeta ya kuipoza, ile wanayoiita intakula, na kuipeleka kwenye throto, mlango wa hewa wa injini, ilikuwa imekatika shingoni. Pete yake bado imeng'ang'ania throto, imeshikwa na klipu. Nilipokwaruza ukingo wake kwa kucha, chembe zikadondoka kama za biskuti kavu. Hiyo ni plastiki iliyopikwa na joto la injini kwa miaka.

Piga hesabu uone kazi inayofanya. Mdomo wa paipu wenye kipenyo cha sentimita 6 una eneo la kama sentimita 28 za mraba. Presha ya bar 1 (bar ni kipimo cha presha) inausukuma kwa nguvu ya karibu kilo 29, kila unapokanyaga. Na sisi wa bara tuna mzigo wa ziada. Mombasa hewa ya nje ina karibu bar 1.01, Nairobi ni kama 0.83. Kompyuta ikitaka bar 1.6 ndani ya injini, ukuta wa paipu unabeba tofauti ya ndani na nje, kama bar 0.6 ukiwa pwani na karibu 0.8 ukiwa Nairobi. Ukipanda Limuru inazidi. Ongeza kompyuta iliyochezewa ili itoe presha kubwa, na ile plastiki kuukuu haina lake tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ukitaka kuongeza presha, badilisha paipu kwanza, usisubiri ikatike. Nunua ya alumini. Usitegemee farasi wapya, yaani nguvu zaidi ya injini, maana paipu peke yake haiongezi nguvu ya kuhisi, na atakayekuahidi hivyo anakuuzia maneno. Unalipia uhakika kwamba nguvu uliyonayo itakuwepo ukiwa katikati ya kulipita lori.

Kabla ya kulipa, itazame kwa macho. Pitisha kidole ndani kwenye mishono ya welding, kusiwe na vipande vya chuma vilivyoning'inia, kwa sababu kikidondoka kinaingia injini. Mahali pa kukaa oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, pawe laini bila mikwaruzo. Upande unaovaa mpira uwe na ukingo ulioinuka, la sivyo mpira utateleza tu hata ukikaza vipi. Tundu la sensa ya presha lilingane na sensa yako ya zamani, kwa sababu unaihamishia pale pale.

Wakati wa kufunga, weka oringi mpya. Usirudishe ya zamani iliyolala bapa ili kuokoa pesa kidogo. Utakuta mafuta kidogo ndani ya paipu. Yakiwa ni utando tu usiogope, ni mvuke wa oili ya injini. Lakini futa maungio yote yakauke kabisa, maana mpira wenye oili ndio unaochomoka. Klipu ya throto sikiliza ilie "tak", kisha vuta paipu kwa mikono miwili. Na mwambie fundi apime kwa moshi kabla hujaondoka. Wanapuliza moshi ndani ya njia ya hewa na popote penye tundu unauona ukitoka. Kwangu ulitoka kwenye mpira mmoja wa pembeni ambao hakuna aliyeushuku.

Ikikukatikia barabarani, usilazimishe gari. Throto iliyo wazi inavuta hewa isiyochujwa, pamoja na vumbi, na turbo inazunguka kupita kiasi bila kitu cha kuizuia. Pumzisha mguu, tembea polepole hadi mahali salama, au ita breakdown ikubebe.

Baada ya wiki mbili fungua boneti injini ikiwa baridi na ukague klampu zote. Chuma na mpira vikishapata joto na kupoa mara kadhaa, hulegea. Yangu ya chini, upande wa intakula, ilikubali karibu nusu mzunguko wa bisibisi. Tangu hapo haijasogea, na nimeshapanda Kinungi mara nyingi.