Dada, kuhusu kumleta Hamisi asome huku

Shikamoo dada. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Umeambiwa huku watoto wanasoma bure, mwalimu anamaliza kila kitu darasani, kazi ya mzazi ni kumpandisha mtoto basi la njano tu, kwa hiyo nimchukue Hamisi. Aliyekwambia hajawahi kukaa mezani saa nne usiku na gundi vidoleni.

Ada kweli hatulipi. Lakini Zainabu yuko darasa la nne, na hapa Virginia, jimbo la Marekani tunalokaa, darasa la nne wanasoma historia ya jimbo lenyewe, wenyeji walioitwa Powhatan, halafu Waingereza waliofika Jamestown 1607. Meli zao tatu kazikariri, Susan Constant, Godspeed, Discovery. Anajua baridi ya 1609 kuamkia 1610 walishikwa njaa mpaka wakala mbwa na panya, anajua tumbaku ndo iliwainua. Kisha karudi na projekti, ajenge ile ngome yao ya pembe tatu kwa vijiti vya aiskrimu, mzazi asaidie. Na mimi saa tano naingia shifti ya usiku kubadilisha nepi za wazee. Wenzake walipelekwa Jamestown kwenyewe wikendi, sisi wikendi ile nilikuwa ovataimu, ndo ile hela ya bati za mama.

Ila vijiti sio vilivyoniuma. Walipofika 1619, Waafrika ishirini na kitu wanashushwa Point Comfort, pwani ya hapa hapa Virginia, watu wa Angola walioporwa kwenye meli ya Wareno, Zainabu anasema darasa zima liligeuka likamwangalia yeye. Karudi kaniuliza, baba, na sisi tuliletwa na meli? Nikamwambia hapana mwanangu, sisi tulikuja na ndege. Akasema, sasa mbona waliniangalia mimi? Dada nilikosa jibu, nikachukua funguo nikaenda kazini, nimelia njia nzima.

Kesho yake nikamkalisha nikamweleza Bagamoyo, kwamba misafara ya watumwa kutoka bara ilikuwa inaishia pale kwetu, watu wanavushwa Unguja kuuzwa, na soko la Unguja lilifungwa 1873. Macho yalimtoka. Bibi yake anakaa Bagamoyo na mtoto hakuwa analijua hilo hata chembe! Mwalimu wake simlaumu, ni mimi sikumwambia, miaka yote nilikuwa nakimbizana na shifti.

Kwa hiyo Hamisi usimlete. Halafu tena naogopa kukwambia hivyo, maana maktaba ya mtaa inaazima vitabu bure, mwalimu hashiki fimbo, na mtoto anazoeshwa kuuliza hiki tumekijuaje, nani aliandika, wale wenyeji wenyewe walisemaje. Sisi Maji Maji tulikariri 1905 hadi 1907 basi, tukafaulu, hatukuuliza kitu. Hicho nakitamani kwa Hamisi. Kama ni kuja basi amalize la saba kwanza Kiswahili kimkae, ingawa siku nyingine nawaza bora aje mdogo asiteseke na Kiingereza kama nilivyoteseka mimi. Usiuze kiwanja kwa ajili ya hili, nakuomba.

Jumapili jioni mpe mama simu, kwangu itakuwa asubuhi na nitakuwa nimetoka kazini. Amhadithie Zainabu yale aliyokuwa anatusimulia barazani, ya pale Caravanserai, ile nyumba ya Bagamoyo misafara ilikokuwa inafikia. Aongee Kiswahili hivyo hivyo, polepole, asiharakishe. Hela ya bando nimeshatuma.